Minyoo Walioonekana Wakicheza Pangani

Mwaka 2005 jarida la tiba la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti kutoka Kimang'a, kijiji cha wilaya ya Pangani. Wanaume wenye vimelea vya matende na mabusha walikubali kumeza vidonge kila siku kwa wiki 8. Kisha wakakubali jambo gumu zaidi: kuvua nguo na kupimwa sehemu za siri kwa ultrasaundi, ili ijulikane kama minyoo waliomo mwilini mwao bado wako hai. Huu ni ugonjwa ambao mwambao mzima watu huuficha chini ya msuli. Ujasiri wa wanaume wale ni sehemu ya historia ya sayansi ya Tanga, nami nasikitika kwamba hatuusimulii.

Mnyoo mwenyewe alijulikana zamani. Joseph Bancroft, daktari wa Brisbane, Australia, alimpata aliyekomaa ndani ya jipu la mgonjwa mwaka 1876. Mwaka uliofuata Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, alikuta watoto wa mnyoo huyo wakikua ndani ya mbu waliomnyonya damu mtunza bustani wake. Jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, lakini ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Huishi miaka mingi ndani ya mirija ya limfu, akizaa mamilioni ya vijidudu vinavyoingia kwenye damu. Kwa mwanaume, moja ya makazi yake makuu ni mirija ya mfuko wa korodani. Mirija hiyo hutanuka, maji hujaa, busha likaota.

Pwani yetu wapo wanaoamini hadi leo kwamba busha huletwa na madafu. Siwalaumu. Maji yanaonekana kwenye dafu, maji yanaonekana kwenye busha, na mnyoo hajaonekana na mtu yeyote kijijini.

Hata watafiti hawakuwa wakimwona. Walichokiona ni watoto wake tu, tena usiku, kwa sababu katika ukanda huu vijidudu hivyo hujaa kwenye damu ya ncha za mwili kati ya saa 4 na saa 8 za usiku, saa ambazo mbu wanauma. Ndiyo maana watafiti wa magonjwa haya mkoani Tanga walizoea kuingia vijijini watu wakijiandaa kulala. Walichoma kidole, wakanyonya damu ya mikrolita 100 kwa kijibomba chembamba, wakaichanganya na asidi hafifu ili chembe nyekundu zipasuke, kisha wakahesabu vijidudu kimoja kimoja kwa darubini. Kazi hiyo ilifanywa kwa miongo kadhaa, kwanza chini ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, kwenye milima ya Usambara, na baadaye chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jamii tatu za kaskazini mashariki mwa Tanzania zilizopimwa tena baada ya miaka 16.

Lakini damu husema habari za watoto. Dawa ikisafisha damu, je, mama amekufa au amepumzika kuzaa? Bila jibu hilo huwezi kujua kama umemponya mtu. Kumfikia mama kulihitaji kisu cha upasuaji. Eksirei nayo iliwaonyesha tu waliokwisha kufa na kugeuka chokaa.

Jibu lilitoka kwenye sauti. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kuwa baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Zikipitishiwa umeme kupitia elektrodi zilizobandikwa pande zake mbili, hutetemeka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin alitumia fuwele hizo kusaka nyambizi baharini kwa mwangwi wa sauti. Mwaka 1958 Ian Donald wa Glasgow alionyesha kwamba mwangwi huohuo unaweza kuchora yaliyomo tumboni mwa binadamu. Mashine kubwa za sumaku, zile za MRI, huchora mwili kwa undani mno, ila zina uzito wa tani kadhaa na hupoozwa kwa heliamu ya kimiminika. Hazipandi gari kwenda kijijini. Ultrasaundi hupanda.

Mwaka 1994, huko Recife nchini Brazil, Gerusa Dreyer na wenzake walitangaza kuwa wamewaona minyoo walio hai ndani ya mwili kwa ultrasaundi. Kifaa cha mkononi hupakwa jeli, hutembezwa polepole juu ya ngozi, na hutuma mawimbi yanayotetemeka kama mara milioni 7.5 kwa sekunde. Mshipa wa damu hupwita kwa mpigo wa moyo, una utaratibu wake. Mrija wenye minyoo una purukushani isiyo na mpigo: vijialama vyeupe vinajisokota, vinajipinda, havitulii. Wataalamu waliuita mchezo huo ngoma ya filaria, yaani ya minyoo hao. Kiota hubaki mahali palepale kwa miezi na miezi, hivyo daktari anaweza kurudi kukitazama tena.

Ngoma hiyo ilifika pwani yetu. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya ultrasaundi kwa wanaume wa Masaika, Pangani, na wa Kingwede upande wa Kenya. Karibu robo ya watu wa Masaika walikuwa na vijidudu kwenye damu. Kingwede hawakufika asilimia 3. Miongoni mwa waandishi alikuwamo Mwele Malecela, aliyeanzia utafiti wake wa ugonjwa huu katika kituo cha NIMR Amani, baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, kisha akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022.

Kimang'a ndipo swali la mama lilipojibiwa. Williams Makunde wa NIMR Tanga, pamoja na Mark Taylor wa Liverpool na wenzao wa Ujerumani, walitumia doksisaiklini, dawa ya kawaida ya bakteria. Ndani ya mnyoo huyu wanaishi bakteria waitwao Wolbachia, na bila wao hazai wala hadumu. Washiriki walikuwa 72. Kura ikaamua nani apate dawa, nani apate vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 14 tangu kuanza, ultrasaundi iliona minyoo hai kwa watu 6 kati ya 27 waliopata doksisaiklini, na kwa 24 kati ya 27 ambao hawakuipata. Kwa wengi ngoma ilikuwa imezima.

Tiba ya wiki nyingi ni vigumu kuigawa mkoa mzima, na doksisaiklini haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Kwa hiyo kingatiba iliyoanza kugawiwa Tanga mwaka 2004 ilikuwa ya aivamektini na albendazo, dawa zinazofagia vijidudu vya kwenye damu lakini kwa kawaida humwacha mama akiwa hai. Ndiyo sababu mgawa dawa alirudi mwaka baada ya mwaka na kijiti chake cha kupimia urefu, hata kwa mtu aliyeapa kwamba alishameza.