Kiswahili cha Kongo katika kompyuta

Kiswahili cha Kongo (msimbo sw-CD, awali swc) ni toleo la lugha ambalo programu, simu au mchezo wa video hulifuata kwa msomaji wa mashariki mwa Kongo. Haja yake inafanana na ya Kichina: Pokémon Sun na Moon za 2016 zilikuwa na herufi zilizorahisishwa za China Bara na za jadi za Taiwan na Hong Kong.

Kwa mkoa wa Maniema, huko mashariki, swali ni Kiswahili cha nani. Kasongo, mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, na Kabambare, kwenye njia ya misafara ya kutoka Ziwa Tanganyika, zilikipata kwa wafanyabiashara wa pwani. Kingwana, yaani Kiswahili cha huko, hakiko mbali na cha Unguja kama cha Lubumbashi. Hata hivyo CLDR, hifadhidata ya lugha inayotumiwa na programu, iliwahi kuita Jumapili “siku ya yenga” na Jumamosi “siku ya sita”, msamiati ambao mwalimu wa Dar es Salaam angeushangaa.

Namba ndizo hatari zaidi. Kwa desturi ya Kifaransa, sw-CD hutenga desimali kwa koma: 2,500 ya Nairobi ni elfu mbili na mia tano, Kasongo ni mbili na nusu.