Kibali cha nguruwe na homa kinayolenga kuizuia

Mfugaji wa Kerenge, wilayani Korogwe, akitaka kupeleka nguruwe wake Moshi au Dar es Salaam, sharti aanzie kwa ofisa mifugo. Wanyama hukaguliwa, kisha huandikiwa kibali cha kusafirishwa. Wengi huiona karatasi hiyo ni usumbufu na ushuru tu. Nyuma yake kuna vifo vingi.

Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukiteketeza nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Ndiyo homa ya nguruwe ya Afrika. Virusi vyake huishi ndani ya ngiri bila kumdhuru, na ndani ya papasi waliomo mashimoni mwake. Nguruwe wa kufugwa akivipata hupandwa na homa, hususa chakula, masikio na tumbo huiva wekundu hadi zambarau, na katika siku chache banda zima laweza kubaki tupu. Binadamu haupati ugonjwa huu. Nguruwe akiupata, hakuna dawa ya kumponya.

Ngiri, hata hivyo, hasafiri mamia ya kilomita. Gari ndilo linalosafiri. Nchini Tanzania, kati ya 2010 na 2012 homa ilionekana Kyela, karibu na mpaka wa Malawi, na pia Tunduma, Iringa, Morogoro na Dar es Salaam, miji inayounganishwa na barabara kuu. Mwaka 2013 ikalipuka kaskazini mwa nchi. Korogwe iko katikati, kwenye njia ya Dar es Salaam na Moshi.

Ndiyo maana kibali kina uzito. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ilitungwa mwaka 2003, na kanuni za kudhibiti usafirishaji wa mifugo na mazao yake zikafuata 2007. Ugonjwa ukithibitishwa, eneo huwekwa karantini: nguruwe haingii wala hatoki, na nyama yake vilevile.

Sheria hiyo ni nzuri, ila hushindwa pale hofu inapoingia bandani. Nguruwe mmoja akifa, mwenye mali huwauza waliobaki usiku huohuo kwa bei ya kutupa. Namwelewa; ada ya shule imo humo. Lakini virusi hukaa miezi mingi ndani ya nyama iliyogandishwa, na makombo yake yakimwagiwa nguruwe wa jirani, msiba unahamia huko.

Ndugu mfugaji, nguruwe wako akisusa pumba, mpigie ofisa mifugo kabla hujampigia mnunuzi.