Proksi: kutoka Geneva hadi bando la Kisarawe

Mwenye duka wa Kisarawe hangoji mteja aulizie sabuni ndipo adandie gari kwenda Kariakoo. Huenda mara moja, akarudi na mzigo, na mji mzima ukanunua bila kuvuka vilima vya Pugu. Proksi ni duka la namna hiyo katika intaneti: seva inayokaa kati ya kifaa chako na tovuti unayoitaka. Ombi lako hufika kwake kwanza. Yeye ndiye anayekwenda kuuchukua ukurasa, akakukabidhi, na pengine akabaki na nakala kwa ajili ya atakayefuata. Tovuti humwona yeye, wewe haikuoni. Lakini mwenye duka anajua nani kanunua nini.

Kificho hakikuwa shabaha ya kwanza. Mei 1994, kwenye mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti uliofanyika CERN, Geneva, Ari Luotonen wa Finland na Kevin Altis wa kampuni ya Intel walieleza jinsi proksi inavyofanya kazi. Taasisi nyingi zilikuwa zimeizungushia mitandao yao ukuta wa ulinzi, kiasi kwamba waliokuwa ndani hawakuweza kuufikia wavuti. Ikawekwa mashine moja mlangoni, iwatumikie wote. Na kwa kuwa kila kitu kilipitia hapo, kuweka nakala likawa jambo la kawaida. Mwaka 1996 ikatoka Squid, programu ya bure ya kazi hiyohiyo, iliyosimamiwa na Duane Wessels wa Marekani.

Nathubutu kusema Squid ilitufaa sisi kuliko walioitengeneza. Enzi za CyberTwiga, mmoja wa watoa huduma wa mwanzo Dar es Salaam, mawasiliano ya nchi hii na dunia yalitegemea satelaiti, kwa njia nyembamba na gharama kubwa. Hali hiyo ilianza kubadilika 23 Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa. Kabla ya hapo, chuo au intaneti kafe yenye kompyuta kumi ilikuwa na sababu nzuri ya kutolipia ukurasa mmoja mara kumi.

Hata hivyo, proksi iliyowafikia watu wengi haikukaa ofisini wala chuoni. Ilikaa kwenye simu za vitufe. Opera Mini ilianza Norway Agosti 2005, ikafunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006. Ukurasa ulikwenda kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa (kampuni yenyewe ilitaja hadi asilimia 90), ndipo ukatumwa kwenye simu ndogo ya Java. Kijana wa Maneromango mwenye vocha ya mia tano aliperuzi kutwa kwa msaada wa proksi ambayo huenda hakuwahi kuisikia ikitajwa.

Akiba hiyo ilikuwa na bei yake. Ili kuubana ukurasa, seva ya Opera ilipaswa kuufungua, hata ule uliosimbwa. Baadaye tovuti kubwa zilipohamia kwenye usimbaji wa moja kwa moja hadi kwa msomaji, proksi za kutunza nakala zikapoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Nafasi yao midomoni mwa watu ikachukuliwa na binamu yao, VPN, ambayo hupitisha mawasiliano yote ya simu ndani ya njia iliyosimbwa. Julai 2018 Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, Waganda wengi waliikimbilia. Kwetu ilienea Oktoba 2020, mitandao kadhaa ilipozibwa kuelekea uchaguzi. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikatangaza kuwa watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa shughuli zao wajisajili kabla ya mwisho wa mwezi huo. Mtandao wa X ulipozibwa Mei 2025, swali la "VPN gani nzuri?" likarudi vijiweni.

Jibu linalotolewa huwa moja: ile ya bure. Hapo ndipo ningependa mtu aulize nani analipia seva zake. Onavo, kampuni ya VPN ya bure iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, iliwaahidi watumiaji ulinzi huku ikimwonyesha mmiliki wake ni programu zipi za washindani zinatumiwa na kwa muda gani. Agosti 2018, baada ya Apple kulalamika kuwa inakiuka kanuni za ukusanyaji wa taarifa, Facebook iliiondoa kwenye duka la programu za iPhone.