LESO: NI NANI HASA ALIYEICHORA?



Ndugu zangu wasomaji, likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, Barabara ya Biashara hapa Mombasa haipitiki. Kina mama wanatafuta leso za Idd: ya kujifunga mwenyewe, ya mama mkwe, ya kumpa jirani. Uliza leso hizo zatoka wapi, utajibiwa haraka: India. Basi wako vijana wenzangu wanaosema kuwa leso si yetu, ni nguo ya wageni tuliyoletewa tukaivaa. Lakini kuchapisha nguo ni jambo moja, na kuibuni ni jambo jingine. Tukiyachanganya mawili haya tutawadhulumu wazee wetu.

Hebu tuanze mwanzo. Katika karne ya 19 nguo iliyotapakaa pwani ilikuwa merikani, pamba isiyo na maua, iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, huko Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865 vilipoikatiza biashara hiyo, nguo za Uingereza na India zikashika soko. Pamoja na merikani palikuwa na kaniki, ile nguo iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikawa karibu na nyeusi.

Palikuwa pia na vitambaa vya mkononi vyenye rangi. Jina lake lilitokana na Kireno, na ndilo hili tunalolitumia mpaka leo: leso. Vitambaa hivi viliuzwa vikiwa havijakatwa, vimefuatana katika jora. Kina mama wa Unguja, Lamu na Mombasa wakawa wananunua vitambaa sita, wanavigawa vitatu vitatu, kisha wanaviunga kwa sindano kuwa shuka moja pana. Hakuna mfanyabiashara aliyewafundisha. Waliona kitambaa kidogo, wakakifikiria kikiwa kikubwa. Wenye maduka walipoona hivyo, katika miaka ya 1870 na 1880, wakaanza kuagiza nguo iliyochapishwa nzima kwa kipimo hicho. Nyingi zilikuwa na madoa meupe kama ya ndege kanga, na ndiyo sababu inayotajwa sana ya leso kuitwa kanga.

Sasa tufike pazito. Sote tumesoma madrasa kuwa kumuacha mtumwa huru ni ibada kubwa, tena ni kafara. Hata hivyo historia ya pwani haifichiki: watumwa walikuwako, na wengi waliowamiliki walikuwa Waislamu. Mavazi yalikuwa alama. Mtumwa mwanamke alijulikana kwa merikani isiyo na maua au kwa kaniki yake. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi walioachwa huru waliiacha kaniki wakajifunga kanga za rangi. Ukimuona mtu aliyevikwa nguo ya unyonge leo anachagua maua ayapendayo mwenyewe, utajua kuwa hilo si pambo tu. Ni mtu anayesema kuwa yeye ni mtu kama watu.

Wanawake hao walikuwa wagumu kuridhika. Leso iliyopendwa msimu huu, msimu ujao haina mnunuzi, na mwenye duka amebaki na mzigo. Kwa hivyo wafanyabiashara walilazimika kuwasikiliza wateja, wakituma michoro na vipande vya mfano viwandani, ikiwemo Manchester na Helmond, Uholanzi. Fundi wa Ulaya ambaye hajawahi kuiona Mombasa alikuwa akichonga alichotaka mama wa Mombasa.

Na kazi yenyewe haikuwa rahisi. Kwa muhuri wa mbao, kila rangi ilihitaji muhuri wake, na ukigongwa kando kidogo tu, ua limeharibika. Baadaye zikaja mashine zenye mitungi ya shaba iliyochongwa, kisha fremu za wavu, na sasa hata kompyuta. Lakini umbo halikubadilika: pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Mbili zikiwa pamoja ndiyo doti.

Jina nalo lina kisa chake. Hapa Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887 na linalojulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ni miongoni mwa maduka yaliyoieneza leso yenye maneno. Mwanzoni maneno yalikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zile zile zilizosomwa chuoni; herufi za Kirumi zilikuja baadaye. Dua, shukrani, mahaba, hata vijembe, vyote vimepita hapo. Mwanamke aliyenyimwa nafasi barazani alisema kwa leso yake.

Baada ya uhuru tulichapisha nguo zetu wenyewe. Tanzania ilikuwa na Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968, na sisi tulikuwa na Rivatex kule Eldoret. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba na nguo za nje zikavilemea viwanda vyetu. Rivatex ilisimama, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na ikazinduliwa upya mwaka 2019.

Leo vijana wetu wanakata leso kushona mikoba, mito ya makochi na aproni, na ni biashara ya halali. Nasaha yangu ni moja. Tusiishie kukata kilichochorwa na wengine. Kijana anayejua kompyuta anaweza kuchora pindo na mji wake, na kumuomba nyanya yake amtungie jina. Wale waliounga vitambaa sita hawakungoja kiwanda kiwaambie nini kizuri. Na Idd hii, kabla hujamfungia mama zawadi yake, lisome jina kwanza. Isije ikawa umempelekea kijembe!

Wabillahi tawfiq.