Mama, Binti na Viwavi wa Suriname

Juni 1699, Maria Sibylla Merian, mama wa miaka 52 aliyeachana na mumewe, aliondoka Amsterdam kwa meli na bintiye Dorothea, wa miaka 21. Walikuwa wanaenda Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika Kusini. Kufuata nini? Viwavi. Ndiyo, kama hawa wanaotumalizia sukuma wiki.

Enzi hizo watu wengi, hata wasomi, waliamini wadudu huzuka tu kwenye tope na uozo. Merian alijua si hivyo, kwa sababu alifuga viwavi tangu akiwa na miaka 13. Chuo kikuu hakukikanyaga. Kuchora alifunzwa na baba yake wa kambo, mchoraji wa maua, naye akawafunza mabinti zake wawili. Mimi niliyeacha chuo katikati, hapo ndipo aliponishika: darasa lake lilikuwa meza ya nyumbani, na wanafunzi walikuwa wanawe.

Suriname waliokota viwavi, wakawalisha, wakangoja. Merian alichora kiwavi na kipepeo wake kwenye ukurasa mmoja, mara nyingi juu ya mmea anaoula. Homa ilimzidi, wakarudi 1701. Kitabu kikatoka 1705, picha 60, kwa jina la mama. Lakini michoro ya mama na ya mabinti inafanana sana, na mpaka leo wataalamu wanabishana mkono upi ni wa nani.

Kuna mikono mingine pia. Merian mwenyewe anaandika kwamba watumwa walimfyekea njia msituni. Tena, kwenye picha ya mmea mmoja wa maua mekundu na manjano, anasema wanawake watumwa walimwambia wanatumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani.

Hiyo sentensi niliisoma mara tatu. Yaani msitu ule ule ulimpa mama mmoja kitu cha kuchora na bintiye, na wengine ukawapa njia ya kutozaa kabisa.

Dorothea baadaye alihamia St. Petersburg, akafanya kazi ya kuchora huko, na jina lake tunalo. Ya wale wanawake Merian hakuyaandika. Maarifa yao aliyachapisha, na ukiitazama picha ya ua lile leo, ni yao pia.