Kabla ya spa kulikuwa na bibi: mikono iliyowakanda wazazi wa Nachingwea na Ruangwa

Mwulize mtu wa Dar masaji ni nini, atakutajia spa. Taa hafifu, muziki wa taratibu, taulo jeupe na bei ya kula wiki nzima. Ukimuuliza anaenda kufanya nini, jibu ni moja: "Kutoa stresi." Sawa, hatukatai. Ila usije ukadhani kitu hiki kimeshuka na ndege juzi. Kule kusini, mkoa wa Lindi, kuna wanawake wameifanya kazi hii vizazi na vizazi kwa malipo ya doti ya khanga au asante tu, na hakuna aliyeandika majina yao popote.

Historia ya Nachingwea tunayoijua ni ya vyuma na bunduki. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka pwani, wakamwaga mamilioni ya pauni, na Januari 1951 serikali yao ikatangaza kwamba basi, imeshindikana. Baadaye wakaja wapiganaji wa FRELIMO, wakapiga kambi hapo hapo Nachingwea chini ya Samora Machel, mpaka Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Hata kikosi cha wanawake wa FRELIMO, kilichoanzishwa 1967, kwenye stori nyingi kinapata mistari miwili ukiwa na bahati.

Sasa jiulize. Miaka yote hiyo ya matrekta na mabomu, wanawake wa Nachingwea na Ruangwa walikuwa wanazaa. Nani alikuwa anawashika?

Jibu kila nyumba inalo: mama, shangazi, bibi, au yule mama wa jirani ambaye mtaa mzima unamjua kwa mikono yake. Mwanamke akijifungua anaitwa "mzazi", na mzazi haachwi peke yake. Asubuhi yanatengwa maji ya moto, kitambaa kinachovywa, anakandwa mgongo, kiuno, nyonga, miguu. Anapakwa mafuta. Anafungwa tumbo kwa kitambaa kinachoitwa mkaja. Anakunywa uji wenye pilipili manga mpaka jasho linamtoka. Jioni tena. Kesho tena. Hivyo hivyo kuelekea arobaini.

Na huku anakandwa, anaongea. Hapa ndipo penyewe. Bibi hajamuuliza "unajisikiaje kisaikolojia?" Anamuuliza kama amelala, kama mtoto ananyonya, kama mume amerudi na maneno gani. Mzazi akilia, analia huku mkono uko mgongoni, na hakuna anayeshtuka. Akiwa kimya siku tatu mfululizo, bibi ameshajua kuna kitu.

Tuje kwenye utafiti, maana kuna watu bila utafiti hawaelewi. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake wanaotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, zaidi ikiwa ni sonona. Yaani mmoja kati ya watano. Na mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, Christopher Moyer, na wenzake walikusanya tafiti 37 za masaji na kuzipima kwa pamoja. Walikuta kwamba ukikandwa mara moja, wasiwasi wa saa ile unapungua, mapigo ya moyo na presha vinashuka. Poa. Lakini faida kubwa kuliko zote, kupungua kwa sonona na ule wasiwasi uliojikita ndani ya mtu, ilionekana kwa waliokandwa mara nyingi, kwa mfululizo. Kwa ukubwa, faida hiyo ilikaribiana na ya tiba ya mazungumzo.

Mara nyingi, kwa mfululizo. Sasa rudi kwa bibi na arobaini yake.

Maelezo ya kwa nini inakuwa hivyo bado yanabishaniwa. Yale maneno ya matangazo ya spa kwamba masaji "inafyeka homoni ya stresi", Moyer huyo huyo alirudi 2011 akaonyesha kuwa badiliko hilo ni dogo mno kuweza kueleza kila kitu. Kinachojulikana vizuri ni kwamba ngozi yenye vinyweleo ina mishipa maalumu ya fahamu inayoitika zaidi mguso wa polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, tena mkono ukiwa na joto la mwili. Ndiyo kasi ileile ya mtu anayembembeleza mtoto. Mimi naona na mazungumzo yana sehemu yake kubwa, ila hiyo ni yangu.

Tusimpambe bibi kupita kiasi lakini. Zahanati zilipoenea vijijini baada ya Azimio la Arusha, uzazi ulihamia kidogo kidogo kwa manesi, na manesi waliyaona yale maji. Kuna wazazi waliungua. Kuna waliokandamizwa tumbo wakiwa na mshono wa upasuaji, jambo la hatari kabisa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya kuzaa, usikandwe, huenda kuna damu iliyoganda, kimbia hospitali. Na mzazi anayeongelea kufa, au anayemwogopa mtoto wake, anahitaji daktari siku hiyo hiyo, si mafuta.

Tatizo ni kwamba ushauri ulipofika mjini ulikatwa nusu. Tulisikia "acheni maji ya moto" tukaacha na mikono. Binti wa Ruangwa anajifungulia Dar, chumba kimoja Mbagala, mume yuko kazini, mama mkwe hatakiwi maana "ana mambo ya kizamani". Siku ya tano anapiga picha na mtoto, anaipandisha mtandaoni, anapata mioyo kibao. Siku hiyo hakuna binadamu aliyemgusa zaidi ya mtoto. Maji ya vuguvugu na mgongo wa mtu, nani amekataza?

Halafu cheki kichekesho hiki. Nachingwea na Ruangwa wanalima ufuta, unauzwa kwa mnada kupitia chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI, magunia yanakwenda zake nje. Mafuta ya ufuta ndiyo yanayotumika tangu zamani kwenye masaji ya Kihindi, na leo spa za mjini zinayauza kwenye kichupa kidogo.

Kitu kimoja tu cha wale wakandaji kimebaki kwenye maandishi, nacho kiko kwenye barua ya posa. Ukienda kuoa, kwenye orodha utakuta "mkaja wa mama", na pembeni kiasi cha fedha. Ni kile kitambaa alichofungwa mama mkwe wako siku alipomzaa mchumba wako. Wanaume wanalipa, wengine wanaomba kupunguziwa, na jina la aliyekifunga halimo.