Baiskeli za changarawe katika nyanda za Mbulu na Hanang

Baiskeli ya changarawe ni baiskeli ya masafa marefu iliyoundwa kwa barabara zisizo na lami. Usukani wake umejipinda kama wa baiskeli ya mbio, breki zake ni za diski, na tairi zina upana wa milimita 38 hadi 50. Wanaoipanda, wawe washindani au watalii, hutafuta njia tulivu za mashambani, hasa zile zinazofuata mabonde ya mito na kupita kwenye majengo ya kale. Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zina njia za namna hiyo tele. Kata ya Masieda, iliyo Mbulu Vijijini, ni sehemu ya nchi hiyo ya moramu nyekundu kwenye miinuko, udongo mweusi wa mbuga mabondeni, na makorongo katikati.

Mbulu na Hanang zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 1969, na zote zilihesabiwa Mkoa wa Arusha mpaka Manyara ilipoundwa mwaka 2002. Anayevuka mpaka kwa baiskeli hana cha kumwambia kwamba amevuka, isipokuwa kibao.

Mchezo na safari zake

Kama mchezo wenye jina lake, uendeshaji huu ulikulia Marekani, hasa katika mbio za Kansas zilizoanza mwaka 2006 na ambazo sasa zinaitwa Unbound Gravel. Shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia mwaka 2022 huko Veneto, Italia. Afrika Mashariki haikuchelewa. Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021 katika nchi ya Wamasai, Kenya, na ndugu yake, Evolution Gravel Race, ikaletwa Tanzania. Nyuma ya mbio hizo ilikuwapo timu ya Amani, iliyokusanya waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Nahodha wake, Mkenya Suleiman Kangangi, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe jimboni Vermont, Marekani.

Kabla ya hapo, wageni wa baiskeli waliouzoea mkoa huu walikuwa wa msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo kwenda Cape Town tangu mwaka 2003. Msafara huo ulishuka kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa hadi Dodoma, na kipande cha Babati hadi Dodoma kilikuwa na sifa mbaya: vumbi, mawe, na yale matuta madogo yanayofuatana kama migongo ya bati hadi meno yakagongana. Barabara hiyo, yenye kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa ya lami mwezi Aprili 2018. Wenye malori na wagonjwa walishukuru. Anayetafuta changarawe leo sharti aiache barabara kuu na kupanda magharibi, ukingoni mwa Bonde la Ufa.

Njia za kupandia ni mbili zinazojulikana. Ya kusini inaanzia Babati na kupanda mlima wa Dareda kuelekea Dongobesh. Ya kaskazini inaanzia Mbuyu wa Mjerumani, kwenye barabara ya Arusha na Babati, ikavuka Mto Magara na kupanda Mlima Magara hadi mjini Mbulu. Ziwa Manyara lililo chini liko takriban mita 960 juu ya usawa wa bahari; mji wa Mbulu umekaa zaidi ya mita 1,700. Tofauti yote hiyo huliwa katika kilomita chache za kona, na mwendeshaji mwenye mizigo atashuka asukume, hata kama nyumbani kwao huwa hasukumi. Juu hali ya hewa hubadilika ghafla. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hulala mashambani na vidole hufa ganzi kwenye breki.

Ngome za kufichwa na ngome za kuonekana

Katika bonde la Loire, Ufaransa, mwendeshaji huongozwa na minara: kasri moja likipotea nyuma, jingine linachomoza mbele. Nchi ya Wairaqw haina minara, na kuna sababu. Katika karne ya 19 kitovu cha Wairaqw, ambao Watanzania wengi huwaita Wambulu, kilikuwa milima ya Irqwa Da'aw, kusini-mashariki mwa mji wa sasa wa Mbulu. Mali yao ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe waliwavuta wavamizi wa Kimasai. Jibu lao lilikuwa kuchimba. Nyumba ilikatwa ndani ya mteremko, ikaezekwa kwa magogo na udongo hadi paa likawa sawa na ardhi ya juu yake, na nyasi zikaota juu. Mlango ulikuwa finyu. Watu na mifugo waliingia pamoja usiku, na aliyekuja kutoka upande wa juu wa kilima aliweza kukanyaga paa bila kujua amesimama juu ya zizi.

Hizi ndizo ngome za nchi hii, na uimara wake ulikuwa kutoonekana. Kwa hiyo mpita njia wa leo hazioni. Uvamizi ulipokoma nyumba za aina hiyo zilianza kuachwa. Tembe za kawaida zenye paa bapa ziliendelea, kisha zikaja Operesheni Vijiji za miaka ya 1970, na baadaye bati. Kilichobaki mara nyingi ni shimo lililojaa majani kwenye ubavu wa kilima, ambalo mwenyeji atakuonyesha ukimuuliza, na nyumba chache zilizotunzwa au kujengwa upya kwa ajili ya wageni, hasa upande wa Karatu.

Wajerumani walifanya kinyume. Mwaustria Oscar Baumann alipita nyanda hizi mwaka 1892, na muda si mrefu utawala ukafuata njia za wapelelezi. Boma la Kijerumani lilijengwa ili lionekane toka mbali: mawe, kuta nene, ua katikati, matundu ya kulengea bunduki. La Arusha, la mwaka 1900, lilijengwa kwa nguvu za watu waliokuwa wametoka kushindwa vitani. Leo ni makumbusho ya elimu viumbe. La Mikindani, la mwaka 1895, ni hoteli. Kwa msafiri wa baiskeli anayetoka Masieda au Haydom, boma linalomhusu zaidi liko Mkalama, ng'ambo ya mpaka wa Mkoa wa Singida. Kituo cha kijeshi kiliwekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuwatawala Waihanzu na majirani zao, na kukusanya kodi. Vita Kuu ya Kwanza iliufikia ukanda huu mwaka 1916, Kondoa ilipotekwa mwezi Aprili, na maboma yakabadilisha bendera. Mkalama ikawa kijiji tena, hadi mwaka 2012 jina lake lilipopewa wilaya mpya ambayo makao yake yamewekwa Nduguti.

Ukilinganisha, boma la mawe lilitawala hapa kwa miaka isiyofika ishirini chini ya waliolijenga. Lakini ndilo huwekwa kwenye ramani za watalii; paa la udongo halipigiki picha vizuri.

Bonde la Yaeda

Kutoka ukingo wa nyanda za juu, njia zinazotelemka magharibi huishia Bonde la Yaeda, lililo juu kidogo tu ya mita 1,000. Mashamba ya mahindi na maharage hukoma, mibuyu na migunga huanza, na joto hukupokea. Katikati kuna mbuga pana inayogeuka ziwa mvua zikiwa nyingi na kukauka kuwa chumvi na nyufa mwezi Septemba. Wafugaji wa Kidatoga huchunga humo. Na hii ndiyo ardhi ya Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda na asali, ambao jumla yao ni kama elfu moja na mia kadhaa.

Wengi hufika hapa wakidhani wameingia pori lisilo na mwenyewe. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati za kimila za kumiliki ardhi kwa pamoja, eneo la zaidi ya hekta 20,000. Baadaye mradi wa Carbon Tanzania uliwezesha vijiji vya Yaeda Chini na Mongo wa Mono kulipwa kwa kutunza misitu yao. Miaka michache kabla ya hati, mwaka 2007, kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilikuwa imeutaka ukanda huo na kuondoka baada ya kelele kuwa nyingi. Kwa hiyo kupita na baiskeli kwenye vijia vya bondeni huanzia ofisi ya kijiji, kwa kujitambulisha na kulipa ada inayotakiwa, na tairi hubaki kwenye njia zilizopo.

Basotu na mashamba ya ngano

Upande wa Hanang mandhari ni nyingine kabisa. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, unasimama peke yake juu ya mji wa Katesh, ambako lami ya Babati na Singida inapita. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka mlimani yaliua zaidi ya watu 80 katika Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi.

Ukiiacha lami Katesh na kuelekea Basotu, kisha Haydom, unapita tambarare zenye barabara zilizonyooka kwa namna isiyo ya kawaida. Unyofu huo una historia. Ni mipaka ya mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970 kwenye malisho bora ya Wabarbaig, ambao ni Wadatoga wa Hanang. Makaburi ya wazee wao, vichuguu vya udongo vinavyoitwa bung'eda, yalilimwa pamoja na majani. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981 na kushinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu kwa sehemu kubwa. Upepo huvuma hapa bila kizuizi, na mwendeshaji aliyeinama kwenye usukani anaona mstari mmoja tu wa upeo kwa saa nzima.

Vifaa, mafundi na miiba

Baiskeli ya kazi ya nchi hii ni Phoenix nyeusi ya Kichina, yenye keria ya chuma inayobeba gunia la mahindi, madumu ya maji au abiria. Mwenye baiskeli ya changarawe atakutana nayo kila kilomita, na mara nyingi itampita mlimani ikiwa inasukumwa na mtu aliyezoea.

Adui wa wote ni mbigili, mmea utambaao kando ya njia na kuangusha tunda gumu lenye miiba pande zote, likianguka vyovyote mwiba mmoja hutazama juu. Tairi zisizo na tyubu, zenye majimaji ya kuziba matundu ndani yake, hustahimili mbigili wengi bila mwendeshaji kushuka. Mwiba wa mgunga ni jambo jingine: hutoboa tairi, na ukikatikia ndani utatoboa tena kesho. Fundi wa baiskeli chini ya mti sokoni Dongobesh au Haydom hufanya kazi yake kwa beseni la maji. Huzamisha tyubu, hufuata mapovu, hukwangua kwa kipande cha msumeno, hupaka solusheni, huipuliza ikauke, kisha hubandika kiraka na kukigonga kwa nyundo. Kabla ya kurudisha tyubu hupitisha kidole polepole ndani ya tairi kutafuta kilichobaki.

Ila fundi huyo hana tairi ya kukuuzia. Rimu ya Phoenix ya inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi inapokaa, wakati ya baiskeli ya changarawe ni 622. Tofauti ya milimita 13 inatosha kumlaza mtu njiani, kwa hiyo tairi ya akiba hubebwa kutoka Arusha.

Malazi na huduma ziko kwenye miji midogo. Haydom, iliyokua baada ya vichaka vya mbung'o kufyekwa, ina hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955, na ndiyo tegemeo la eneo zima, hata kwa aliyevunja mfupa wa bega. Kutoka Mbulu mpaka huko ni kilomita 70 hivi. Barabara hiyo ni sehemu ya ile ndefu ya Karatu, Mbulu, Haydom, Mto Sibiti, Lalago hadi Maswa, ambayo serikali imepanga kuiweka lami.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Mvua za Novemba na Desemba zikishaanza, moramu ya juu bado hupitika, lakini udongo mweusi wa Yaeda hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Tope hilo halisukumiki. Baiskeli hubebwa begani hadi kwenye mawe, au husubiri siku mbili jua liwake.